Kihisi cha Mbele Kushoto

Mundhir kaniletea gari saa tatu usiku,
gereji yangu ya Mabela nishaifunga nusu,
shata iko magotini.
"Shangazi, izime hiyo mashine ya kunishika mkono.
Gari langu, mguu wangu."
Sikumjibu. Nilikuwa natoa oili kuchani kwa sabuni ya unga.

Jana, nje ya Barka, kwenye kile kipande cha lami
ambacho upepo hukifagia kisha hukimwagia mchanga tena,
alibonyeza kitufe, akafanya kama nilivyomfundisha:
mguu wa kushoto breki, wa kulia mafuta hadi sakafuni.
Injini ikapanda mpaka elfu nne, ikazuiwa hapo,
kompyuta ikiinyima cheche silinda hii, kisha ile,
bomba likakohoa risasi.
Nguvu yote imeshaitwa, imepanga foleni mlangoni,
na mlango haujafunguliwa.
Akaachia breki.
Gari likaruka hatua mbili, likafa ganzi,
kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya mbio.
Akapitwa na kijana wa Sohar mwenye pikapu ya kubebea mbuzi.
Wakacheka hata watoto waliokalia masanduku ya barafu.

Kaa kwenye ndoo hiyo, nilimwambia.
Kila gurudumu lina pete yenye meno,
na kando ya pete kihisi, kidogo kama kokwa ya tende,
kinahesabu meno yanayopita. Hakina kazi nyingine.
Mara mia kwa sekunde kompyuta inayauliza yote manne:
nani anakimbia kuliko ardhi?
Ya mbele hayasukumwi na injini, yanaburutwa tu,
kwa hiyo ndiyo yanayosema kweli.
Ya nyuma yakiyazidi sana, nguvu inapotea bure,
nayo hubana njia ya hewa, huiba cheche,
ikibidi huliuma kwa breki gurudumu lile moja.
Haikuogopi wewe. Haikujui hata jina.

"Basi iambie isiache liteleze kabisa."

Hapo wanakosea wengi, na wenye mvi wamo.
Tairi lisiloteleza hata chembe halijasukuma kwa nguvu zake zote.
Linalozunguka ovyo linapika mpira, moshi wa kupigia picha.
Katikati pana mahali padogo
ambapo mpira unang'ata lami, unaachia kidogo, unang'ata tena,
gurudumu limeitangulia ardhi kwa kumi, kumi na mbili katika mia,
na hapo tu ndipo gari linakwenda.
Mchanga ukiwepo, namba nyingine.
Lami ya mchana na lami ya usiku, namba mbili.
Miaka kumi na tisa naitafuta,
na kila tairi jipya hunikanusha.

Rafikul akapiga jeki. Nikalala chini, tochi mdomoni,
nikachomoa kihisi cha mbele kushoto.
Kimeota ndevu:
vumbi la chuma la breki, limenasa kwenye sumaku.
Kilikuwa kipofu, masikini,
kikaapa kwa kompyuta kwamba gari limesimama,
na kompyuta, ikiona ya nyuma yanazunguka,
ikasema haya yanateleza, ikaikaba injini koo.
Ilifanya kazi yake barabara. Ilidanganywa.

Nikanyoosha mkono kutafuta kitambaa.
Kilichokuwepo ni kipande cha kanga ya mama,
aliyokuja nayo Maskati akiwa na mimba yangu.
Imechanwa mara tatu, jina lake limebaki kati:

TELEZA SI KUANG

Mundhir Kiswahili anakisikia tu, hakisomi.
Akaishika ncha, akaigeuzageuza kwenye taa.
"Hapa wameandika nini?"
Nikamaliza kufuta, nikarudisha kihisi mahali pake,
nikakaza bolti yake kwa vidole.
Nikamwambia: asilimia kumi na mbili.